Muungwana wa Kununuliwa

Dada yangu alinipigia Ijumaa usiku, ndiyo kwanza navaa viatu vya kazi.

"Mwanao ameleta pesa," akasema. "Laki mbili. Anasema ni zako, ameanza kulipa."

"Kulipa nini?"

"Ada. Anasema ameziandika zote kwenye daftari."

Mwanangu huyo alizaliwa na dada. Mimi ni mama yake mdogo. Kwa miaka mitatu nilimsomesha ufundi umeme Dar es Salaam kwa mshahara ninaoupata kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Medway, Uingereza. Mwezi uliopita alipata kazi, na hizo laki mbili zimetoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Kijana ana adabu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilisimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, nikahisi kama nimezabwa kofi.

Saa tisa usiku, wazee walipokuwa wamelala, nilikaa kwenye chumba cha mapumziko na wali wangu wa baridi. Mkobani nilikuwa na riwaya niliyokuwa nikiisoma upya, nakala niliyoinunua duka la mitumba kwa pauni moja. Sura ya 39 nilikuwa nimeshaipita. Nikarudi nyuma, nikaisoma tena yote, na hapo nikajua kofi lile limetoka wapi.

Riwaya yenyewe ni Great Expectations ya Charles Dickens. Ilitoka kwanza kwa vipande, kila wiki, kwenye jarida lake mwenyewe la All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Matarajio makubwa, ndivyo tungeliita jina lake, ila kwa Waingereza wa zama zile matarajio ya mtu yalikuwa pia ni mali anayoingojea kutoka kwa mtu mwingine. Ni neno la mwenye kukaa mkono wazi.

Kwa asiyeisoma: Pip ni yatima anayelelewa na dada yake mkali na shemeji yake Joe, mhunzi, kwenye vinamasi vya Kent. Mkesha wa Krismasi, makaburini, anakutana na mfungwa aliyetoroka meli ya gereza, pingu ingali mguuni. Kwa hofu anamwibia chakula nyumbani, na tupa ya kukatia chuma. Mfungwa anakamatwa tena na kupelekwa Australia. Miaka inapita, kisha mwanasheria wa London anakuja na habari kwamba kuna mtu asiyetaka kutajwa anayetaka Pip atolewe kiwandani mwa Joe, apelekwe mjini, afanywe gentleman, bwana wa hadhi. Pip anaamini ni Miss Havisham, bibi tajiri aliyeachwa siku ya harusi na asiyelivua gauni lake tangu siku ile. Anaanza kujitenga na Joe. Akifika miaka 23 ndipo anapogundua kwamba fedha zote zile zilitoka kwa yule mfungwa, Abel Magwitch.

Niliisoma mara ya kwanza mwaka 1998, kidato cha tano, katika shule ya bweni. Nakala ya maktaba haikuwa na jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo kwangu hadithi ilianzia jikoni kwa dada yake Pip, na habari ya makaburi nikaiokota humo njiani kama mtu aliyechelewa kufika msibani. Haikunizuia kitu. Nilimpenda Pip tangu siku ya kwanza. Nilijua anachokitaka. Aliambiwa na Estella, msichana anayelelewa na Miss Havisham, kwamba mikono yake ni migumu na viatu vyake vizito, na alipobaki peke yake uani akaviangalia viatu vyake kwa macho ya Estella. Mimi niliyetoka uswahilini Tanga nikaenda kulala na mabinti wa wakurugenzi sikuhitaji kufafanuliwa ukurasa ule.

Basi Magwitch alipojitokeza, nilimchukia pamoja na Pip. Pip anasema kwamba hata angekuwa mnyama wa kutisha asingemwogopa na kumkirihi zaidi ya vile. Anamtazama akila kwa pupa kama mbwa mzee mwenye njaa, akikata nyama kwa kisu chake cha mfukoni, na mimi bwenini nikakunja pua.

Muhula huohuo mjomba alikuja shuleni.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa dereva Maskati. Yeye ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza. Fedha zilikuja mikononi mwa wasafiri, ndani ya bahasha pamoja na barua alizoomba aandikiwe, maana mwenyewe aliishia darasa la nne na mwandiko wake aliuonea haya. Siku ya wazazi alifika na kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani ya kudariziwa, udi ukanukia kuanzia getini. Alileta halua, akamkatia kila aliyepita, hata wapishi. Tulikaa chini ya mwembe, mimi na wenzangu na wazazi wao, na mwalimu wa zamu kasimama nasi. Katikati ya mazungumzo mjomba akanishika bega, akasema kwa sauti iliyosikika hadi uwanjani:

"Hebu zungumza Kizungu, mwanangu. Zungumza nikusikie."

Niliinamisha kichwa. "Karibu soda, mjomba," nikasema kwa Kiswahili.

Akacheka, akawageukia wale wazazi. "Anaona haya mtoto."

Alisema kweli. Hakujua tu namwonea haya nani.

Hatukuizungumza tena. Alirudi Maskati, ada ikaendelea kuja, nikamaliza shule. Alifariki mwaka 2009, akazikwa hukohuko.

Sasa nimeisoma riwaya ile nikiwa na umri wa kuwa mama yake Pip, na sura ambayo bwenini nilipita juu yake kama mtu anayekimbilia basi ndiyo iliyonishika mguu. Sura ya 40. Magwitch amekaa na Pip vyumbani mwake London. Katika sura iliyotangulia ameshaichukua saa ya Pip na kuitazama, pete ya Pip pia, amepita macho kwenye vitabu rafuni. Sasa anamwomba amsomee kwa lugha ya kigeni. Haelewi hata neno moja, lakini anasimama mbele ya moto na kumsikiliza kwa fahari, kama mtu anayeonyesha watu kitu chake cha thamani. Pip anasoma. Anasoma huku mwili unamsisimka kwa karaha, lakini anasoma. Mimi mjomba wangu hakupata hata hilo.

Nilikiweka kitabu chini usiku niliopafikia hapo, nikaenda kuwageuza wazee wangu ubavu, mmoja baada ya mmoja, na sikukishika tena kwa siku tatu.

Nirudi kwenye sura ya 39, kwa sababu ndiyo iliyonisemesha habari ya laki mbili. Usiku wa mvua na upepo, saa za makanisa zimegonga saa tano, Pip anasikia hatua kwenye ngazi. Anakuja mzee wa kama miaka 60, uso umeungua na jua, amevaa kama msafiri wa baharini, amenyosha mikono yote miwili. Pip anampokea kwa ubaridi. Akishamtambua kuwa ni yule mfungwa wa makaburini, anakumbuka deni. Zamani, Pip akiwa bado mtoto, mtu mmoja asiyemjua alimkabidhi kilabuni shilingi iliyokunjwa ndani ya noti mbili za pauni moja moja, salamu kutoka kwa mfungwa. Dickens anazieleza noti zile kuwa nene, zenye jasho, kana kwamba zina udugu wa damu na minada yote ya ng'ombe ya jimbo lile. Dada yake Pip alizifunga kwenye karatasi, akazificha ndani ya birika la pambo, chini ya majani makavu ya waridi, na humo zikawa jinamizi la Pip usiku na mchana. (Dada yangu mimi ameziweka zile laki mbili kabatini, ndani ya bakuli la sukari. Aliponiambia, nilinyamaza kidogo kwenye simu.)

Sasa Pip, bwana mkubwa wa London, anafungua mkoba wake na kumrudishia mzee noti mbili nyingine, safi, mpya. Anamwambia zitamfaa kwa mtoto mwingine maskini. Magwitch hasemi neno. Huku anamwangalia Pip usoni, anaziweka moja juu ya nyingine, anazikunja kwa urefu, anazisokota, anaziwasha kwenye taa, na majivu anayadondosha kwenye sinia. Kisha ndipo anapoanza kumuuliza maswali, taratibu: umefanikiwa vipi, kwa mali ya nani, na kipato chako kwa mwaka, tarakimu ya kwanza si tano?

Bwenini nililiona tendo lile kuwa ni ushenzi wa jambazi. Usiku ule wa Ijumaa, kama zile laki mbili zingekuwa mkononi mwangu na si bakulini Tanga, ningeziwasha.

Maana nilimwona mtu yule vizuri kwa mara ya kwanza. Anasimulia jinsi alivyokuwa mchunga kondoo wa kuajiriwa huko Australia, peke yake kibandani, haoni sura yoyote ila za kondoo hadi akakaribia kusahau uso wa binadamu unafananaje. Na mara nyingi, anasema, alikiacha kisu kidondoke akiwa katikati ya kula, kwa kuwa kijana alikuwa amemtokea mbele yake, anamtazama anavyokula. Akaapa kila ginea atakayoipata itakuwa ya mtoto yule. Mwandishi aliyeyaandika haya aliijua fedheha ya fedha tangu utotoni: mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa madeni, na yeye akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Lakini jambo lile la kuacha kula kwa sababu uso wa mtu wa mbali umekujia, sijui alilipata wapi. Nalijua mimi. Anayeishi ughaibuni na kutuma hela nyumbani analijua.

Tena ana sababu ya kumtaka gentleman na si kitu kingine. Aliwahi kushtakiwa pamoja na tapeli mmoja, Compeyson, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa uhalifu wao. Compeyson alisimama kizimbani na nywele zake za mawimbi, suti nyeusi na leso nyeupe, Magwitch akasimama na sura yake ile. Compeyson akapewa miaka saba, Magwitch 14. Hapo ndipo alipojifunza gentleman ni nini. Ni ngao. Akaenda kumnunulia Pip ngao.

Na hapa lugha yetu inaniambia jambo ambalo Kiingereza hakikuniambia. Gentleman tunamwita muungwana. Siku hizi tukisema muungwana tunafikiria adabu na utu, na tunasema uungwana ni vitendo, maneno ambayo Joe mhunzi angeyaelewa papo hapo. Lakini pwani kwetu mzizi wa neno ni mwingine. Muungwana ni asiye mtumwa. Ni mtu aliye huru, asiye na mwenyewe. Wazee wa Tanga walilitumia neno hili kwa maana hiyo kamili, na familia zilijua nani ni nani.

Sasa sikiliza anachosema Magwitch. Walowezi wa Australia walimpita na farasi wao, vumbi likamrukia njiani, naye akajituliza kwa kusema moyoni: nyinyi mnamiliki mifugo na ardhi, lakini ni nani kati yenu anayemiliki muungwana aliyelelewa London? Kama yeye mwenyewe si muungwana wala hana elimu, basi ni mwenye mali ya mtu aliye navyo. Kwa Kiingereza ni majigambo ya mzee anayetia huruma. Kwa Kiswahili sentensi inavunjika katikati. Muungwana mwenye kumilikiwa hayupo. Ukishammiliki, neno limemtoka.

Nilipoifikiria hivyo, moto wa zile noti nikauona kwa upande wake wa pili. Ni tendo la upendo, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Lakini pia ni tendo la mwenye mali. Pip anataka kulipa ili asimame peke yake, na Magwitch anaichoma njia ya kutokea mbele ya macho yake. Pwani, mtumwa aliweza kukubaliana na bwana wake ajikomboe kwa kulipa kidogo kidogo. Bwana aliyekataa malipo hakuwa anaonyesha ukarimu.

Ni neno zito kuliweka karibu na mwanangu na laki mbili zake, na sikuliweka kwa wepesi. Lakini nilizikumbuka zile simu za video. "Zungusha simu nikione chumba." "Nionyeshe viatu nilivyokutumia." "Hebu inua hicho kitabu cha umeme, niwaonyeshe wenzangu hapa kazini." Na yeye anainua. Uso wake kwenye kioo, sekunde ile anapokiinua kitabu, niliuona kila mara na sikuusoma. Ulikuwa uso wangu chini ya mwembe.

Watu wengi wakiirudia riwaya hii ukubwani humwona Joe, na ni haki yake. Joe alikataa malipo mwanasheria alipotaka kumfidia kwa kumpoteza kijana wake wa kazi, na aliyasema kwa uchungu ulioweza kumtoa mtu machozi: kama unadhani fedha inaweza kulipa kumpoteza mtoto aliyekuja kwangu kiwandani! Alipokwenda London kumtembelea Pip alikaa na kofia isiyopata mahali pa kutulia, na akamwita mtoto aliyemlea "bwana", kwa sababu aliona Pip anateseka kwa ajili yake. Baadaye Pip anaugua, anadaiwa pauni 123, shilingi 15 na peni sita, anakaribia kufungwa. Joe anamuuguza hadi apone, kisha anaondoka alfajiri bila kuaga. Kwenye meza ya kifungua kinywa Pip anakuta barua fupi. Risiti ya deni imo ndani yake.

Nampenda Joe. Ila namtetea Magwitch, na nitamtetea mbele ya yeyote. Joe alikuwepo. Alikaa na Pip pembeni ya moto jioni kwa jioni, wakalinganisha mikate yao waliyoing'ata nani kamaliza zaidi, akaushika mkono wake. Mtu aliyeko ng'ambo ya bahari hana mkate wa kulinganisha. Ana hela tu, na hela ndiyo inayolazimishwa kusema yote: nakukumbuka, nimechoka, usinisahau, nilikuwa mtu huko pia. Ikifika, imeshapoteza maneno hayo njiani. Imebaki kiasi. Mpokeaji anaandika kiasi kwenye daftari, na hana kosa.

Habari za Estella na Miss Havisham, zilizonikosesha usingizi mwaka 1998, safari hii nilizipitia kwa mwendo wa haraka. Mwisho wenyewe Dickens aliubadilisha kwa ushauri wa rafiki yake mwandishi, Edward Bulwer-Lytton, ili Pip na Estella wasiachane kwa baridi kama alivyokuwa ameandika kwanza, na sikuona unaongeza kitu. Nilichofurahia ni kigumu kukumbuka kwa wengi: Pip naye anaishia ughaibuni. Anauza alivyo navyo, anakwenda Misri kuwa karani, anaishi kwa kubana, analipa madeni yake, na kwa miaka 11 hamtii Joe machoni. Laiti Dickens angetupa sura mbili tatu za miaka ile.

Na Magwitch? Wanamkamata mtoni akijaribu kutoroshwa, mbavu zimevunjika. Pip anakaa ubavuni mwake na kugundua karaha yote imekwisha, anamwona tu mtu aliyetaka kumfadhili, mtu aliyekuwa bora kwake kuliko yeye alivyokuwa kwa Joe. Mali yote itachukuliwa na serikali kwa kuwa ni ya mfungwa. Hakuna tena cha kumilikiwa na yeyote. Pip anakwenda gerezani kila siku, anamshika mkono. Na humo, kwa maneno machache tu ambayo unaweza kuyaruka, tunaambiwa walikuwa wakisoma pamoja Maandiko. Safari hii hakuna anayeonyeshwa kwa mtu.

Jumapili nilimpigia dada. Nilimwambia zile pesa azitoe bakulini, anipokelee, na amwambie mwanangu kwamba zimefika. Akashangaa: "Kwani wewe una shida ya laki mbili?" Nikamwambia sina. Kisha nikampigia kijana mwenyewe. Nilimuuliza deni kwenye daftari ni kiasi gani. Akanitajia hadi mia ya mwisho, na sauti yake ilikuwa ya mwanamume ambaye sikuwahi kuzungumza naye. Nikasema sawa, alipe anavyoweza. Akanisimulia bila kuulizwa jinsi alivyofunga transfoma mvua ikinyesha. Hatukuwasha video.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi hadi Cliffe, nikatembea hadi Cooling. Ni kijiji kidogo cha rasi ya Hoo, na Dickens, aliyeishi Gad's Hill si mbali na hapo, alikijua. Uani kwa kanisa la St James kuna makaburi ya watoto wachanga, 13, mawe madogo ya mviringo yaliyolala ardhini kama mito ya vitanda vya watoto. Kwenye riwaya Dickens aliyapunguza yakawa matano, ya ndugu zake Pip waliokufa wadogo. Nyuma yake kuna vinamasi hadi mto Thames, upepo hauna cha kuuzuia.

Nilikaa kwenye benchi, nikafungua ukurasa wa kwanza, ule ulioliwa na mchwa. Hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja na mbwa wake barabarani. Nikausoma kwa sauti, kwa Kizungu, taratibu, kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani. Ukurasa wote, na wa pili yake. Mwanamke akasimama kidogo, akaendelea na njia yake. Nilipofika pale mfungwa anapoinuka kati ya makaburi, nikanyamaza nikapumua, kisha nikaendelea, mjomba, nikaendelea.